Mwaka Tuliopata Arkhoni

Msibani Buhongwa, watu watatu waliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu, nami nikatoa majibu matatu. Kwa mama aliyekuwa akigawa chai nilisema alikuwa jirani. Kwa kijana wa kamati, aliyetaka kitu cha kusoma kwenye kipaza sauti, nilisema alikuwa mwalimu wangu, ingawa hakuwahi kunifundisha darasani hata siku moja. Wa tatu alikuwa Nyamizi, ambaye hakuuliza kwa kutojua. Alinishika bega kule kwa wapishi, mvi zimemjaa kichwani, akaninong'oneza, "Karani, huyu mzee alikuwa nani yetu?" Nikamwambia alikuwa Mgiriki wetu. Tulicheka mpaka shemeji wa marehemu akatuomba tusogee mbali kidogo na waombolezaji. Mwalimu Deo alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kagera, na maji pekee aliyowahi kuvuka maishani yalikuwa haya haya. Lakini Nyamizi alielewa nilichosema, na njiani kurudi mjini nilianza kuupanga ule mwaka kichwani kama nilivyozoea kupanga habari gazetini: lini, wapi, nani, na ilikuwaje.

Lini ni rahisi. Vyama vingine vya siasa vilikuwa vimeruhusiwa, magazeti mapya yalikuwa yakitokea kila mara na mengine yakifa kabla sijayazoea majina, mitumba ilikuwa imefika kila kona ya Mkuyuni, na kando ya ziwa viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikipandisha ukuta mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne. Wapi ni nyumba ya vyumba sita vilivyozunguka ua, nyuma ya soko la Mkuyuni. Changu kilikuwa cha tatu na cha Mwalimu Deo cha nne, na ukuta kati yetu haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilimsikia akikohoa, akigeuza kurasa, na kila jioni akitamka maneno ambayo kwa wiki nzima nilidhani ni sala. Alikuwa ameacha seminari mwaka mmoja kabla ya upadri, akafundisha historia shule kadhaa, na wakati ule aliishi kwa twisheni. Seminari ilimfundisha mambo mawili kikamilifu: Kigiriki cha kale na kupika maharage. Ugali wake uliungua kila siku, lakini maharage yake yalikuwa na mchuzi mzito wenye karoti na tangawizi kidogo, nami nilimpelekea dagaa nilizokaanga ili nipate bakuli langu. Tulikula uani, kila mtu kwenye kigoda chake, yeye akiwa na rundo la kadi alizokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni.

Kadi zilikuwa na neno moja moja. Mwaka ule alikuwa akikusanya maneno ambayo Wagiriki wa kale walitumia kwa watawala wao, kwa sababu, alisema, redio nzima inazungumza juu ya uongozi na watu wana neno moja tu, kiongozi, kama vile mpishi mwenye sufuria moja. Mbele ya kadi aliandika neno. Nyuma aliandika maswali mawili, yale yale kwenye kila kadi: Alifikaje? Ataondokaje? Nimefanya kazi ya uandishi wa habari zaidi ya miaka ishirini, nimekaa mbele ya wakubwa wengi wa kila aina, na nakiri kwamba sikuwahi kubuni maswali bora kuliko hayo. La kwanza hulijibu kwa furaha na kwa kirefu. La pili humfanya mtu atazame saa yake.

Asubuhi nilikuwa ufukweni. Tulikuwa wanawake ishirini na sita wa kuanika dagaa, kwenye kipande cha mchanga na miamba chini ya Mkuyuni. Mitumbwi ilifika kukipambazuka, tukapokea ndoo, tukatandaza dagaa juu ya nyavu kuukuu na juu ya miamba ya moto, kisha kazi ikawa kugeuza, kufukuza korongo na kutazama mawingu. Aliyetawala pale alikuwa Mama Kulwa. Hakuna aliyemchagua. Alikuja mapema kuliko wote, akachora mistari mchangani kwa kisigino, akasema wewe hapa, wewe pale, na ikawa hivyo mpaka jioni. Mawifi zake walipata miamba laini kila siku. Nyamizi, aliyekuwa amekuja kutoka Ukerewe miezi michache tu, alipata sehemu ya karibu na mtaro ambako inzi walikuwa wengi. Lakini pia ni Mama Kulwa aliyewahi kumsukuma majini mwenye mtumbwi aliyejaza mawe chini ya ndoo, na tangu hapo ndoo zetu zilijaa dagaa mpaka chini. Hatukujua tumpende au tumwogope, kwa hiyo tulifanya yote mawili.

Kisha siku moja alikuja bwana ardhi wa manispaa, kijana mpole mwenye jalada kwapani. Akatuambia, bila ukali wowote, kwamba kuna mwombaji anayetaka ufukwe ule kwa ajili ya kiwanda, na karatasi zake zimekamilika. Sisi hatukuwa na karatasi. Kama tunataka kubaki, tuwe kikundi: tuwe na katiba, na viongozi wenye vyeo na muda wa uongozi. "Nitarudi mwisho wa mwezi kukagua eneo," akasema. "Nikikuta kikundi, nitaandika kuna kikundi. Nikikuta watu tu, nitaandika eneo liko wazi."

Mimi ndiye niliyejua kuandika haraka, kwa hiyo nikawa Karani. Katiba ilikwenda vizuri mpaka kifungu cha uongozi. "Andika Mama Kulwa," akasema Mama Kulwa. "Kuna asiyejua?" Nikaandika kwa penseli. Lakini katika siku tatu zilizofuata wanawake kumi na tisa walinifuata mmoja mmoja, sokoni, bombani, njiani, kila mmoja akidhani yuko peke yake, kuniambia jambo lile lile. Mistari ya kisigino waliivumilia kwa sababu upepo uliifuta kila jioni. Ikiandikwa kwenye karatasi ya serikali, nani ataifuta? Na neno mwenyekiti nalo hawakulitaka. Kila mmoja alikuwa na mwenyekiti wake anayemkumbuka, wa mtaa au wa ushirika, aliyeingia akiwa na nywele nyeusi akatoka na kipara. Nilimweleza Mwalimu Deo haya yote juu ya bakuli la maharage. Alikomba mchuzi wa mwisho. "Jumamosi," akasema, "nitakuja na kadi."

Alikuja amevaa shati la mikono mirefu, kadi ndani ya kopo la maziwa. Wanawake wakamwamkia shikamoo, hata wale wa umri wake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema hakuja kufundisha, amekuja na bidhaa. Wachague kama wanavyochagua mitumba, wageuze ndani nje, watazame mshono.

"Wa kwanza ni basileus. Anatawala kwa sababu baba yake alitawala. Anaondoka akifa, anamwachia mwanaye."

"Kama mtemi," akasema Mama Kulwa, ambaye babu yake alikuwa ndugu wa mtemi, jambo ambalo hakuacha mtu alisahau.

"Kama mtemi, ndiyo."

"Kwa hiyo wewe mayu, mama yetu, ukichoka, atatutawala mwanao Doto?" akauliza Bi Tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na hakuogopa mtu. "Juzi nimemtuma kibiriti, kaniletea chumvi."

Hata Mama Kulwa alicheka. Mwalimu akaweka kadi chini, akachukua nyingine. "Anax. Huyu ni wa zamani zaidi, wa kwenye nyimbo za vita. Baadaye jina lake likabaki zaidi kwa miungu."

"Basi huyo kastaafu," akasema Bi Tatu. "Weka chini."

"Despotes. Bwana wa nyumba, na wa watumwa waliomo."

"Huyo ninaye," ikasema sauti ya nyuma. "Sasa hivi amelala."

Alisubiri kicheko kiishe. "Tirannos. Huyu hakurithi na hakupewa. Aliona nafasi, akaikalia. Msidhani wote walikuwa wabaya. Wapo walioleta maji mjini. Wapo waliowatuliza matajiri wakorofi."

Hakuna aliyemtazama Mama Kulwa. Wote tulitazama pembeni kwa wakati mmoja, na hilo lilitosha. Yeye mwenyewe alikuwa akimtazama Mwalimu bila kupepesa.

"Maji alileta?"

"Alileta."

"Na fujo?"

"Zilipungua."

"Sasa Mwalimu, shida yake ni nini?"

Mwalimu akaigeuza kadi, akamwonyesha mgongo wake. Alizungumza kwa heshima, kama anayezungumza na mtu aliyefiwa. "Kwenye swali la pili pako wazi, mama. Hakuna siku iliyopangwa ya kumwambia asante, sasa pumzika. Kwa hiyo wengi waliondolewa kwa mapanga, hata wale walioleta maji."

Korongo mmoja aliiba dagaa na hakuna aliyemfukuza. Mwalimu akatoa kadi nyingine. "Arkhon. Anakaa mwaka mmoja. Siku ya kuondoka anasimama mbele ya watu, anaeleza alichofanya, na mwenye neno anainua mkono."

"Anachaguliwaje?"

"Kwa maharage."

Ilimchukua muda kueleza, kwa sababu kila alipofungua mdomo mtu mwingine alianza kucheka. Watu wa Athene, alisema, waliona kwamba wakichagua kwa kutaja majina, wanarudi wale wale wenye sauti kubwa. Kwa hiyo kazi nyingi walizigawa kwa kura ya maharage: anayepata la rangi tofauti, mwaka huo ni wake.

"Mnaweza kumpata mjinga," akasema Mama Kulwa.

"Mnaweza. Ndiyo maana ni mwaka mmoja tu."

"Na wanawake wa huko," akauliza Bi Tatu, "walishika maharage?"

"Hapana, mama. Waliyapika tu."

"Basi lete chungu," akasema Bi Tatu, na nadhani ni hapo hasa lilipoamuliwa, kabla ya mikono kuinuliwa.

Kadi ya mwisho ilikuwa strategos, kiongozi wa vita, ambaye Wagiriki walimchagua kwa mikono na kumrudisha kila mwaka wakitaka. Watu kadhaa wakasema kwa pamoja kwamba huyo ndiye Mama Kulwa, wa kupambana na wenye mitumbwi, na walisema kwa nia njema, wakipiga makofi. Yeye akasimama, akakung'uta mchanga kwenye kanga. "Mnanipa vita," akasema, "nchi mnaninyima." Akaondoka, na mawifi zake wakabaki wameketi, jambo ambalo najua lilimuuma kuliko yote.

Siku ya kura nilitia chunguni maharage mekundu ishirini na tano na jeupe moja. Mama Kulwa alikuwepo, lakini mbali kidogo, ametugeuzia mgongo, akisuuza nyavu ambazo zilikuwa safi. Mmoja mmoja wanawake walifunga macho, wakatumbukiza mkono, wakafungua kiganja. Jekundu. Jekundu. Bi Tatu alipata jekundu, akalitukana. Kadiri chungu kilivyopungua ndivyo macho yalivyohamia kwenye ule mgongo, kwa sababu la mwisho lingekuwa lake. Yalipobaki manne alikuja Nyamizi. Alifungua kiganja, akakitazama, akakifunga tena kama aliyeshika kitu cha mtu.

Tulikuwa hatujawahi kumsikia akisema zaidi ya maneno sita mfululizo. Wapo walioamini hajui Kiswahili. Minong'ono ikaanza, kisha ikawa sauti: turudie, hii ilikuwa ya majaribio, Mwalimu mwenyewe alikubali kwamba maharage yanaweza kukosea. Mama Kulwa akageuka.

"Nani kasema turudie?"

Waliokuwa wakisema wakarudi nyuma hatua moja.

"Mlitaka maharage. Yakimwangukia mnayempenda ni sheria, yakimwangukia Nyamizi ni mchezo? Hakuna kurudia." Akarudi kwenye nyavu zake. Hadi leo sijui kama alisema vile kwa haki, kwa hasira, au kwa kutumaini tutaona wenyewe tulivyojikwaa. Nimewahi kumuuliza. Alinijibu niandike ninavyotaka.

Wiki mbili zilipita na Nyamizi hakubadilika, ila alihama alfajiri kutoka mtaroni kwenda kwenye miamba laini, na mawifi wa Mama Kulwa wakakaa mtaroni, na kesho yake wakahama tena wote. Kila siku kila mtu alisogea nafasi moja. Hakutangaza. Alisimama tu kwenye nafasi yake mpya mpaka wengine wakaelewa.

Bwana ardhi alirudi siku aliyoahidi, akiwa na msaidizi na futi kamba. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Kulwa, kama mtu yeyote angefanya. "Habari za siku, mama. Tulipoachana mlikuwa mnatafuta viongozi." Mama Kulwa alielekeza kwa kidevu. Nyamizi alikuwa amesimama karibu na maji, anatazama ziwani, ambako sisi hatukuona kitu isipokuwa ukungu mwembamba nyuma ya visiwa vya mawe. Yeye alikulia kisiwani.

"Dada, wewe ndiye kiongozi? Jina lako na cheo?"

"Mvua," akasema Nyamizi.

"Samahani?"

"Bwana, subiri. Mvua inakuja." Kisha akageuka akaanza kuita. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilifika. Bi Tatu, vikapu. Karani, maturubai. Nyie wawili, nyavu za chini. Akamfikia Mama Kulwa, na hapo nilisimama na turubai mikononi, kwa sababu dagaa za siku mbili zilikuwa juu ya mawe na ufukwe wote ulikuwa kwenye jalada la yule kijana, na kama Mama Kulwa angekataa mbele yake, tungekuwa watu tu. "Mama Kulwa," akasema Nyamizi, "miamba ya juu."

Mama Kulwa akamtazama. Nilihesabu pumzi mbili. Kisha akafunga kanga kiunoni akakimbia. Katika miaka yote niliyomjua, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikimbia, na alikimbia vizuri, kama msichana. Matone ya kwanza yalianguka makubwa. Nyamizi akamgeukia bwana ardhi, aliyekuwa akitafuta mahali pa kujikinga, akamkabidhi ncha ya wavu. "Shika pembe hiyo." Kijana akanipa mimi jalada lake, akashika. Msaidizi naye akashika. Tulikusanya ufukwe mzima tukiwa tunapiga kelele na kucheka, na tulipoingia chini ya banda la mitumbwi, shati la bwana ardhi lilikuwa limejaa magamba, na dagaa zilizolowa hazikujaza hata beseni moja.

Alifungua jalada lililonusurika kifuani mwangu. "Sasa. Jina?"

"Nyamizi."

"Cheo?"

Nyamizi akanitazama. "Arkhoni," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Ni mtu ambaye ukifika, unasubiri," akasema Bi Tatu.

Yule kijana alicheka huku akijifuta uso, akaandika kama nilivyomtamkia. "Muda wa uongozi?"

"Mwaka mmoja," akasema Nyamizi, haraka kuliko alivyowahi kusema chochote.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili: kutoka maegesho ya mitumbwi hadi mwamba mkubwa, eneo la kikundi. Mwalimu Deo aliisoma uani kwa sauti, akaikunja, akanirudishia, akapakua maharage. Aliniongezea mchuzi bila kuombwa. Kiwanda kilijengwa mbele zaidi, na mwaka ule ulienda kwa amani, ukiacha ugomvi wa choo na wa wenye mitumbwi.

Mwisho wake tulikaa mchangani, Nyamizi akasimama. Alieleza kwa maneno machache. Nafasi zimezunguka. Wenye mitumbwi wamekuja mara nne kwa ugomvi, na mara zote nne amemtuma Mama Kulwa, na Mama Kulwa amekwenda. Choo alikiahidi, hakikujengwa, na kosa ni lake, alisubiri kokoto badala ya kuzifuata. Kisha akasema maneno ambayo Mwalimu alikuwa amemwandikia, bila kuitazama karatasi: mwenye neno ainue mkono.

Mimi nilikuwa na daftari, niliandika majina kwa mpangilio. Wa kwanza Bi Tatu, juu ya choo. Wa pili mwanamke mmoja wa zamu ya mtaro, juu ya Bi Tatu. Kisha nikasikia kimya kikitambaa kutoka nyuma kuja mbele, nikainua kichwa. Mama Kulwa alikuwa ameinua mkono. Miaka yote ufukweni hakuwahi kuomba nafasi ya kusema. Alikuwa akisema tu. Nyamizi alimwona, akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Bi Tatu ampe nafasi yake ya kwanza. Bi Tatu alizungumza kwa kirefu, na Mama Kulwa aliendelea kuinua mkono, hata ulipochoka akaushikilia kwa mkono wa pili. Jirani yake akamwambia aushushe, Karani ameshamwandika.

"Nitaushusha nikiitwa," akasema.

Nikatazama daftari kuhakikisha. Alikuwa wa tatu.